Kitabu cha koperative kikiingia ndani ya simu, kinabaki cha nani?



Siku hizi koperative nyingi za kwetu, kutoka Kirumba mpaka Lubero, kutoka Butembo mpaka Beni, zinapokea wageni wenye kubeba odinateri ndani ya mfuko. Wanakuja na maneno mazuri. Wanasema: mutupe majina ya washirika wenu, mutupe kilo za mazao yenu, sisi tutaweka yote ndani ya programu, mutauzisha vizuri, benki itawaamini, wizi utaisha. Sisi wa Alimbongo pia tumepewa maneno hayo, na mkutano mkuu wetu utapashwa kujibu ndiyo ao hapana.

Mbele ya kujibu, tuliona ni vizuri kwenda kuangalia. Wawili kati yetu, mwandishi wa koperative na mama mmoja wa komite ya usimamizi, walitumwa Kampala kwenye kongamano la watu wa teknolojia, pale kampuni zinapoonesha programu za biashara zitakazotoka katika miaka inayokuja. Walishuka Butembo, wakapita Beni na Kasindi, wakavuka mpaka wa Mpondwe. Siku tatu walitembea meza kwa meza wakiuliza. Waliporudi tulikaa nao kwenye depo muda mrefu, na fikra tunayoandika hapa ni ya sisi wote.

Fikra yenyewe ni hii: hatukatai programu, lakini kitabu cha koperative ni mali ya washirika, sawa vile depo na mizani ni mali yao. Hakuna mtu anayeweka sahihi ya kumpa mgeni depo bila kuuliza ufunguo utabaki kwa nani. Na kitabu ni vile vile.

Vitu tulivyooneshwa

Meza zilikuwa mingi, lakini ukiondoa rangi na picha, programu za koperative zilikuwa za namna nne.

Ya kwanza ni ya kupima na kupokea mazao. Mizani inaongea na simu bila waya. Mkulima anaweka gunia, kilo zinaingia zenyewe ndani ya simu, mashine ndogo inatoa risiti, na yeye anapata ujumbe kwenye telefone yake. Karani hana nafasi ya kuandika 60 pale mizani imeonesha 68.

Ya pili ni ya kuweka na kukopa. Kila feza ambayo mshirika anaweka inaandikwa, kila mkopo unahesabiwa, na faida inagawanywa bila mtu kukesha na kaye na biki.

Ya tatu ni ya ramani ya mashamba. Kijana anazunguka shamba na simu mkononi, na simu inachora mpaka wa shamba.

Ya nne ndiyo mpya zaidi, na wauzaji waliisifu kuliko zote. Inachukua habari za zile tatu za kwanza, kilo zako, madeni yako, shamba lako, kisha inampa mkulima alama. Alama hiyo inauzishwa ao inaoneshwa kwa benki na kwa wanunuzi ili wajue ni nani wa kukopesha na ni nani wa kuacha. Mama wetu wa komite aliuliza swali moja tu: «Mkulima akipewa alama mbaya, ataambiwa sababu?» Kijana wa kwenye meza alisema atauliza wakubwa wake. Mpaka siku ya mwisho hakurudi na jibu.

Si mara ya kwanza

Tusifikiri mambo haya yameanza leo. Mwezi wa 11 mwaka wa 2013, kule Kigali, kulifanyika kongamano kubwa juu ya teknolojia ya habari katika kilimo, lililoitwa ICT4Ag. Liliandaliwa na CTA, kituo cha kilimo na maendeleo ya vijiji kilichoundwa na Umoja wa Ulaya pamoja na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, chenye makao Wageningen, Uholanzi. Pale vijana wa Afrika ya Mashariki walishindana kuonesha programu zao za kilimo. Kikundi cha Uganda kinachoitwa Ensibuuko kilishinda. Fikra yao ilikuwa karibu kabisa na shida yetu: kuondoa kaye za karatasi katika vyama vya kuweka na kukopa, na kumpa mshirika ujumbe kwenye simu kila feza yake inapoingia ao kutoka. Programu yao, Mobis, iliingia kweli katika SACCO za Uganda.

Tunatoa mfano huu kwa sababu una masomo mawili. La kwanza: kitu kilichooneshwa kwenye meza kinaweza kufika kijijini na kufanya kazi, kama waliokitengeneza wanajua shida ya kaye ya karatasi. Kwa hiyo hatusemi kwamba makongamano haya ni maneno matupu.

La pili ni hili: CTA yenyewe, iliyoita watu wote wale Kigali, ilifunga kazi zake mwaka wa 2020, pale muda uliopangwa wa mapatano ya Cotonou yaliyoibeba ulipofika mwisho. Haikufanya kosa, muda wake uliisha. Na ikiwa shirika la namna ile linaweza kufunga mlango, basi kampuni changa ya vijana watano inaweza kufunga pia. Mradi unaisha, mfadhili anabadili njia, kampuni inauzishwa kwa ingine. Siku hiyo kitabu chetu kitakuwa wapi? Kama jibu ni «ndani ya odinateri ya kampuni», hatuna kitabu tena.

Tuko pia na mfano wa teknolojia ambayo haikuhitaji mtu kutushawishi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007, na Vodacom ikaileta Kongo mwaka wa 2012. Leo hata mama anayeuzisha puaro kando ya barabara ya taifa namba 2 anapokea feza kwa simu ndogo ya batani. Kwa nini tuliikubali upesi? Kwa sababu iliondoa hatari ya kubeba feza njiani, kwa sababu inafanya kazi bila simu kubwa, na kwa sababu kila mtu anaona salio yake mwenyewe bila kumwomba karani ruhusa. Hayo matatu ni kipimo kizuri cha programu yoyote ingine.

Mizani kwanza

Sasa tuseme ukweli juu ya mazao yetu. Viazi vya kizungu, shu, karoti na puaro vya huku juu, kwenye baridi, vinauzishwa kwa gunia, si kwa kilo. Na gunia la mnunuzi tunalijua: linajazwa mpaka mdomo, kisha linaongezewa juu na kushonwa kwa kamba. Mkulima anahesabu gunia moja, lakini mgongo wa mbebaji unahesabu karibu moja na nusu.

Programu haiwezi kumpima mnunuzi asiyekubali mizani. Tukinunua simu, mashine ya risiti na programu, kisha tuendelee kuuzisha kwa gunia la kushona, tutakuwa tumeandika vizuri sana hasara yetu. Mizani ya kawaida haiombi rezo, haiombi yunite, haiombi mtu wa masomo makubwa. Inaomba kitu kimoja tu: washirika wote wakatae kuuzisha bila kupima, siku moja, pamoja.

Hii si fikra ya kwetu peke yetu. Wafumaji wa Rochdale, kule Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwaka wa 1844, walikuwa wafanyakazi maskini waliochoka na wauzaji wenye kuchanganya unga na kudanganya katika vipimo. Nguvu yao ilikuwa kipimo cha haki, na hesabu ambazo kila mshirika angeweza kuziona. Hawakuwa na umeme. Koperative yenye vitu hivi viwili inaweza kuongeza programu na kupata faida. Koperative isiyo navyo itanunua programu, na shida itabaki pale pale.

Kwa hiyo wauzaji wakisema «wizi utaisha», tunapashwa kuwajibu kwa upole: wizi unaisha pale mshirika anaposoma hesabu yake na kuuliza. Mashine inaweza kumsaidia kuisoma. Lakini kama karani ndiye peke yake anayejua namba ya siri ya kufungua programu, tumeondoa kaye ambayo hata mtoto wa darasa la sita angeweza kutusomea, tukaweka sanduku linalofunguliwa na mtu mmoja.

Na lugha? Katika meza nyingi za Kampala maneno ya programu yalikuwa Kiingereza. Chache zilikuwa na Kifaransa, chache zaidi Kiswahili. Kuna mama zetu wanaolima vizuri kuliko sisi wote lakini hawakupata nafasi ya kusoma hata Kiswahili. Kwao ujumbe kwenye simu hautoshi. Kwao tunahitaji karatasi inayotoka kila mwezi, isomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa Kinande kama inafaa.

Orodha ya majina si kitu kidogo

Hapa tunafika kwenye jambo zito, na tunaomba kila mtu asome polepole.

Sisi wa eneo hili tunajua kukimbia. Mtu anapokimbia anabeba watoto, sufuria na godoro. Kaye za koperative zinabaki depo. Zikiungua ao zikipotea, aliyeweka feza miaka mitatu anarudi bila ushuhuda wowote. Kwa upande huo programu ni kinga ya kweli. Kopi ya kitabu iliyowekwa mbali, Butembo ao Kampala, haiungui pamoja na depo. Tunasema wazi: hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya kukubali, na anayekataa programu bila kuipima sababu hii hajawafikiria waliopoteza akiba yao.

Lakini kitu kile kile kina upande mwingine. Orodha yenye jina la mkulima, namba yake ya simu, mahali shamba lake lilipo, kilo alizouzisha wiki hii na feza aliyopokea, ni orodha gani mbele ya mtu mbaya? Ni orodha inayosema nyumba gani ina feza, na siku gani. Zamani mwenye nia mbaya alihitaji kuuliza kijiji kizima. Na programu iliyotunzwa vibaya, simu moja iliyoibiwa inaweza kumpa yote. Hatusemi hivi ili kutisha. Tunasema kwa sababu meza nyingi kule Kampala zilitengenezwa na watu wanaoishi mahali ambapo orodha ya wakulima ni karatasi ya biashara tu. Kwetu inaweza kuwa hatari kwa maisha, na ni sisi tunaopashwa kuwafasiria.

Ndugu zetu wa kahawa na kakao upande wa Beni hawana nafasi kubwa ya kuchagua. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka kahawa na kakao inayoingia Ulaya ionekane imetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikukatwa ndani ya pori kisha ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2020. Shamba linalozidi hektari 4 linahitaji kuchorwa mpaka wake wote; chini ya hapo, alama moja ya mahali inatosha. Tarehe ya kuanza kuitumia sheria hiyo imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuomba ramani. Kwa hiyo kwa kahawa na kakao, ramani ni tiketi ya soko.

Lakini viazi, shu na ngano vya Alimbongo haviko katika sheria hiyo. Muuzaji akikuambia kwamba lazima uchore shamba la viazi «kwa sababu ya Ulaya», ujue hasemi kweli. Na hata kwa kahawa na kakao, swali linabaki: ramani ikishachorwa, ni ya nani? Kama mnunuzi amelipa vijana wa kuchora na ameweka ramani ndani ya programu yake, je, mwaka ujao koperative inaweza kubeba ramani hizo kwa mnunuzi mwingine anayelipa bei nzuri zaidi? Kama haiwezi, basi ramani hiyo ni kamba. Mkulima amefungwa kwa mnunuzi mmoja na hakusikia akifungwa.

Sheria iko upande wetu

Watu wengine wanafikiri mambo haya ni ya kuomba huruma. Hapana. Kongo iliingia OHADA mwezi wa 9 mwaka wa 2012, na koperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka wa 2010. Kufuata sheria hiyo, kila mshirika ana kura moja, awe na hektari kumi ao nusu ya hektari, na ana haki ya kupata habari za koperative yake. Komite inaongoza kwa jina la washirika. Kitabu si cha prezidenti, si cha karani, si cha mfadhili.

Tena, tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 nchi yetu ilipata sheria inayoitwa Kode ya Numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010. Sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi. Mtu ana haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kuomba zirekebishwe. Basi muuzaji wa programu akiona ajabu kuulizwa maswali, tumwoneshe kwamba hatuulizi kwa kiburi. Tunauliza kwa haki.

Hesabu ya gharama

Wauzaji wanapenda kusema «dola moja tu kwa mshirika kwa mwezi». Tufanye hesabu. Tuseme koperative iko na washirika 200. Dola moja mara 200, mara miezi 12, ni dola 2.400 kwa mwaka. Juu yake ongeza simu zinazovunjika, mega za kila mwezi, paneli na batiri ya kuchaji, na mafunzo. Ongeza pia jambo ambalo hakuna meza iliyolitaja: kijana tuliyemfundisha akipata kazi mjini, tunaanza upya.

Ikiwa mfadhili analipa mwaka wa kwanza, tumshukuru, lakini tuulize ni nani atalipa mwaka wa tatu. Zawadi ya mwaka mmoja inaweza kuwa deni la miaka mingi, kwa sababu wakati huo kaye za karatasi zitakuwa zimeachwa na hatutaweza kurudi nyuma kwa urahisi. Na dola 2.400 hizo zinaweza kununua mizani kadhaa, ao kutengeneza paa la depo. Washirika ndio wa kuchagua, wakijua bei yote, si nusu ya bei.

Tunachoomba

Kwa hiyo, mbele ya koperative yoyote ya kwetu kuweka sahihi, tunaomba mambo matano yaandikwe ndani ya mapatano, kwa lugha ambayo washirika wanasikia.

Moja: habari zote ni mali ya koperative. Siku yoyote tukitaka kuondoka, tunapewa kitabu chetu chote, ndani ya faili ambayo odinateri yoyote inaweza kufungua, bila kulipa.

Mbili: kila mshirika anaona hesabu yake mwenyewe, kwa ujumbe kwenye simu ndogo ao kwa karatasi, na kila mwezi karatasi inasomwa mbele ya watu.

Tatu: programu inafanya kazi hata kama rezo imekosa siku nyingi, na kaye ya karatasi inaendelea kando yake angalau mwaka mmoja, mpaka hesabu mbili zikubaliane.

Ine: majina, namba za simu na ramani havipewi mtu mwingine, hata benki, hata mnunuzi, bila kura ya mkutano mkuu na ruhusa ya mwenye jina. Na yasiyo ya lazima yasiandikwe kabisa. Programu ya kupima viazi haihitaji kujua mtu ana watoto wangapi.

Tano: funguo za siri ziwe kwa watu wawili ao watatu waliochaguliwa, na mmoja wao awe mama.

Koperative moja ikiuliza maswali haya peke yake, muuzaji atahamia kwa jirani ambaye hajauliza. Ndiyo maana tunaandika hapa na si kwenye mlango wa depo yetu tu. Butembo kuna miungano inayotuunganisha sisi wakulima, kama COOCENKI na LOFEPACO. Tunaiomba ichukue maswali haya, iyarekebishe, na izungumze na wauzaji kwa jina la koperative zote pamoja. Muuzaji anayetaka washirika 200 anaweza kukataa. Anayetaka maelfu atakaa kwenye meza.

Na tunaliomba shirika linalotoa gazeti hili, pamoja na mashirika mengine ya msaada, jambo moja: msilete programu kama sharti la kupata mbegu ao mafunzo. Mkulima anayekubali kwa sababu anaogopa kukosa mbegu hajakubali.

Mkutano mkuu wetu utapiga kura mbele ya mavuno yanayokuja. Kati yetu kuna wanaosema tuanze na kuweka na kukopa peke yake, kwa sababu ndiko feza zinakopotea tunapokimbia. Kuna wanaosema tununue kwanza mizani mbili na tukatae gunia la kushona. Fikra zote mbili ni nzuri na hazigombani. Lakini juu ya jambo moja hatugawanyiki: kitabu kikitoka depo, kitoke kwa kura ya washirika, na njia ya kukirudisha iwe imeandikwa.

Koperative ambazo zimekwisha kutumia programu, tunaomba muandike katika namba inayofuata: mulipata nini, mulilipa ngapi, na siku mulipoomba kitabu chenu, je, mulipewa?